Mnyonge Si Maskini: Matoleo ya Santuri za Remmy Ongala

Mwalimu wa Kiswahili anapoingia darasani na diwani mkononi, mwanafunzi makini hupenda kujua habari za toleo lake: kitabu kimepigwa chapa mwaka gani, na je, shairi linalosomwa limo vile vile katika toleo la kwanza? Hilo limezoeleka, na hatuna haja ya kulitetea. Ajabu ni kwamba mwalimu huyo huyo, siku anapoleta wimbo wa dansi ili uhakikiwe kama fasihi, huyaandika maneno ubaoni kama alivyoyasikia, huweka jina la mwimbaji chini yake, kisha huendelea na maudhui na fani kana kwamba wimbo ulishuka kutoka mbinguni ukiwa na umbo moja tu. Hakuna anayeuliza wimbo umetoka katika kanda ipi, umerekodiwa wapi, wala umerekodiwa kwa ajili ya sikio la nani. Sisi tunaona kuwa maswali hayo ni ya lazima, na ili kuyapima tumechagua kazi ya mwanamuziki mmoja ambaye nyimbo zake zilitolewa mara nyingi, katika nchi mbalimbali, na kwa majina yaliyobadilika njiani.

Ramadhani Mtoro Ongala, ambaye nchi nzima ilimwita Dokta Remmy, alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na bendi ya jamaa yake, Orchestra Makassy, na baadaye akaingia Super Matimila, ambayo jina lake na la kwake hayakutengana tena. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, na huko Sinza mahali alipoishi bado panaitwa Kwa Remmy. Santuri zake tatu zilizotoka Uingereza ndizo zilizomtambulisha kwa wageni: Nalilia Mwana ya mwaka 1988, Songs for the Poor Man ya mwaka 1989, na Mambo ya mwaka 1992. Hiyo ya katikati ndiyo tutakayoikalia zaidi, kwa sababu ndani yake kuna neno moja la Kiswahili lililovushwa bahari na kufika ng'ambo likiwa neno jingine.

Lakini kwanza ni vyema kukumbuka namna nyimbo hizi zilivyotufikia sisi wa Korogwe na Handeni, maana njia ya kufika ni sehemu ya toleo. Hazikutufikia kwa santuri. Nchi yetu katika miaka hiyo haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri. Bendi ilirekodi katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, na kanda ikabaki redioni ili ipigwe hewani. Bendi iliyotaka sahani ililazimika kwenda Nairobi, na hata njia hiyo ilikuwa ngumu tangu mpaka ulipofungwa Februari 1977 hadi ulipofunguliwa tena Novemba 1983. Kwa hiyo toleo la kwanza la wimbo, kwa mtu wa Mombo au wa Mkata, lilikuwa sauti ya redio iliyokuja na kupita. Ukiikosa umeikosa, mpaka siku nyingine mtangazaji atakapoona vema kuirudia.

Toleo la pili lilikuwa kaseti. Mtu alirekodi kutoka redioni, mwenzake akanakili kutoka kwake, na nakala ya nakala ikafika stendi ya Korogwe, ambako mabasi ya Tanga, Arusha na Dar es Salaam yalisimama na wauzaji walizipanga kaseti juu ya meza ya mbao. Juu ya karatasi ya kaseti jina la mwimbaji liliandikwa kwa kalamu ya wino, mara Remi, mara Remy, pasipo mwaka wala majina ya wapigaji. Kaseti ya dakika sitini ina dakika thelathini kila upande, na mnakili hakujali wimbo umefika wapi upande ulipokwisha. Tunazijua nyimbo za dansi ambazo kwetu, kwa miaka mingi, zilimalizikia katikati ya chemko, gitaa likiwa limeanza tu kupanda. Tulipokuja kuzisikia zikiwa nzima tulidhani zimeongezwa.

Kwa msikilizaji wa Ulaya mpangilio huo ulikuwa kinyume. Yeye alianza na jalada: picha, majina ya nyimbo, maelezo ya Kiingereza juu ya maana ya kila wimbo, ndipo akasikia sauti. Sisi tulianza na sauti, tukaishi nayo, na wengi wetu hatukuliona jalada ila baada ya miaka mingi. Mwenye kuanza na jalada huusikia wimbo kwa kuongozwa na maelezo. Mwenye kuanza na sauti, siku anapoyasoma maelezo, hushtuka.

Jalada lenyewe lilitoka wapi? Hapa hatuna budi kusafiri hadi Uingereza, na kwenye muziki ulio mbali na dansi letu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa huko walipenda aina ya roki iliyoitwa progresivu. Wanamuziki wake walichoshwa na wimbo wa dakika tatu. Walitaka wimbo mrefu wenye sehemu nyingi, na walitaka santuri nzima isikilizwe kama mtu asomavyo kitabu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kundi la Genesis, katika santuri ya Foxtrot ya mwaka 1972, lilikuwa na wimbo mmoja wa dakika zipatazo ishirini na tatu uliojaza karibu upande mzima. Mwaka 1974 kundi hilo lilitoa santuri mbili kwa pamoja, The Lamb Lies Down on Broadway, zinazosimulia hadithi moja. Mwimbaji wake alikuwa Peter Gabriel, naye aliliacha kundi mwaka 1975.

Wapenzi wa muziki huo wana tabia ambayo tungependa walimu wetu waige. Santuri moja huifuatilia katika matoleo yake yote: iliyotoka kwanza Uingereza, iliyotoka Marekani, iliyochanganywa upya sauti zake baada ya miaka thelathini, na kadhalika. Hubishana kuhusu jalada lililobadilika rangi na sekunde zilizopunguzwa. Wengine huwacheka. Sisi hatuwacheki, maana hivyo ndivyo mhakiki wa fasihi andishi anavyofanya na muswada. Tofauti ni kwamba wao wana mahali pa kushika: kila toleo lina namba, mwaka na jina la studio. Kaseti ya stendi haina hata kimoja cha hivyo, na ndiyo sababu kazi yetu ni ngumu zaidi na ni ya lazima zaidi.

Kuna jambo jingine linalouunganisha muziki huo na wetu, nalo halisemwi mara nyingi. Urefu ambao wazungu hao waliutafuta kama jambo jipya, dansi letu lilikuwa nao ukumbini siku zote. Wimbo wa dansi una sehemu mbili: kwanza mwimbaji husimulia kisa kwa utulivu, beti na viitikio, na baadaye huja chemko, ambapo magitaa hujibizana na wachezaji husahau viti vyao. Ukumbini sehemu hiyo ya pili haina saa. Iliyoukata wimbo ni santuri ndogo ya Nairobi, ambayo ilichukua dakika chache tu kila upande. Kisa kikawekwa upande wa kwanza, chemko upande wa pili, na msikilizaji akalazimika kuinuka kuigeuza sahani. Hivyo wakati Mwingereza anatanua wimbo wake ujaze santuri, sisi tulikuwa tunaupasua wetu ili uingie. Mwanafunzi akiambiwa kuwa nyimbo zetu za zamani ni fupi kwa sababu wanamuziki wetu hawakuwa na mengi ya kusema, na aambiwe pia habari za sahani hiyo.

Peter Gabriel huyo, baada ya kuliacha kundi lake, alishirikiana na wenzake kuanzisha WOMAD, na tamasha lao la kwanza lilifanyika Shepton Mallet mwaka 1982. Liliwaingiza katika madeni makubwa, na Genesis wa zamani walikutana tena jukwaani Milton Keynes, Oktoba mwaka huo huo, kupiga onyesho la kumnusuru mwenzao. Kwa maana hiyo, roki ya progresivu ndiyo iliyolipa gharama za mlango ambao Remmy aliupitia miaka sita baadaye. Kanda za nyimbo zake zilifika mikononi mwa watu wa WOMAD, nao mwaka 1988 wakatoa Nalilia Mwana, mkusanyo wa nyimbo zilizokwisha rekodiwa nyumbani. Mwaka uliofuata Gabriel alianzisha kampuni ya santuri ya Real World, yenye studio katika kijiji cha Box, magharibi ya Uingereza. Super Matimila wakapelekwa huko, na Songs for the Poor Man ikawa miongoni mwa santuri za kwanza kabisa za kampuni hiyo.

Sasa tulitazame jina lake. Kwa Kiswahili jina hilo ni kusema "nyimbo kwa ajili ya mtu maskini". Ndani ya santuri hiyo hiyo upo wimbo uitwao "Sauti ya Mnyonge", na katika Nalilia Mwana upo uitwao "Mnyonge Hana Haki". Neno mnyonge lilikuwa kama nembo ya Remmy. Watu walimjua kama msemaji wa wanyonge. Basi aliyelitia jalada la mwaka 1989 jina la Kiingereza alilikuta neno mnyonge, akalitafutia mwenzake, akapata maskini. Je, ni sawa?

Maskini ni mtu aliyekosa mali. Mnyonge ni mtu aliyekosa nguvu mbele ya mwingine. Umaskini waweza kuuhesabu ukiwa peke yako nyumbani, kwa kutazama ghala na mfuko. Unyonge hauhesabiki hivyo, maana sharti awepo mtu wa pili, yule mwenye nguvu, ndipo unyonge uonekane. Mfugaji wa Handeni mwenye ng'ombe mia si maskini kwa kipimo chochote. Lakini mkalishe katika benchi la ofisi tangu asubuhi, aambiwe mhusika ametoka, arudi kesho, na kesho aambiwe vivyo hivyo, nawe utamwona mnyonge. Kinyume chake wapo wazee katika vijiji vyetu wasio na kitu zaidi ya kanzu na jembe, ambao wanapoingia barazani watu wote huinuka. Hao ni maskini, na hakuna awezaye kuwaita wanyonge.

Korogwe ina ushahidi wa aina yake juu ya neno hili, nao uko katika mashamba ya mkonge. (Mshairi yeyote wa huku anajua kuwa mkonge na mnyonge ni vina vya bure, na kwa sababu hiyo ni afadhali avitumie kwa hadhari.) Manamba walioletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge Magunga, Ngombezi na kwingineko walipokea mshahara na posho. Huenda baadhi yao walishika fedha nyingi kuliko ndugu zao waliowaacha kijijini. Lakini kila mmoja alikuwa na kipande chake cha siku thelathini, na siku isiyotiwa alama na mnyapara ilikuwa siku iliyopotea, hata kama mgongo ulikuwa unauma kwa kazi. Huo ndio unyonge: jasho ni lako na alama ni ya mwingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoeleza kwa nini tulionewa, lilitumia neno hilo hilo la unyonge, na halikulitumia kwa bahati.

Turudi kwa Remmy. "Mnyonge Hana Haki" ni jina linalojibu methali. Kila mtoto wa Kiswahili anaijua: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hiyo ina ukatili wa ajabu, maana inaruhusu kunyonga, ila inasisitiza kuwa haki itolewe. Na mchezo wa sauti kati ya mnyonge na mnyongeni unaupa ukatili huo utamu wa kinywa. Remmy anaichukua na kuikanusha kwa maneno matatu. Methali inasema mpeni haki yake. Yeye anasema hana. Msikilizaji aliyekua na methali hiyo husikia ugomvi mzima kabla gitaa halijaanza. Weka maskini mahali pa mnyonge, na ugomvi unatoweka. Kinachobaki ni malalamiko ya mtu asiye na fedha, jambo la kweli na la kuhuzunisha, lakini si hoja aliyoileta mtunzi.

Hatumlaumu sana mfasiri. Kiingereza hakina neno moja linalobeba mzigo wote wa mnyonge, na mfanyabiashara wa santuri anahitaji jina litakaloeleweka dukani kwa mtazamo mmoja. Wapo pia watakaosema kuwa Remmy mwenyewe alikuwa akisema anawaimbia maskini. Ni kweli kwamba aliwaimbia. Lakini jina la santuri hufanya kazi kama mwanga wa taa ya chumbani: rangi yake huingia katika kila kitu kilichomo. Mgeni aliyeambiwa kuwa hizi ni nyimbo za maskini atasikia huruma katika kila wimbo, na mtu anayehurumiwa huwa ameketi chini. Mnyonge wa Remmy amesimama, na ana kesi.

Hasara ya namna hiyo inaonekana hata katika majina mengine ya nyimbo, ingawa huko hakuna aliyekosea. Ni lugha tu iliyobaki nyuma wakati sauti ikisafiri. "Kipenda Roho" ni nusu ya methali. Mswahili akisikia nusu hiyo huimalizia mwenyewe moyoni, kwamba hula nyama mbichi, na kwa hiyo anaingia katika wimbo wa mapenzi akiwa tayari na tahadhari. Mgeni hupewa mapenzi bila nyama mbichi. "Ndumila Kuwili" ni nyoka anayesemwa kuwa na vichwa viwili, anayeuma huku na huku. Wakulima wetu wanamtaja wakimaanisha jirani kuliko nyoka. "Nalilia Mwana" nalo ni jina linalostahili kufundishwa kwa kipindi kizima cha sarufi. Kiambishi cha kutendea katika kulilia kinabeba maana zaidi ya moja: mtu aweza kumlilia mwana aliyekufa, aweza kulilia mwana asiyempata, na aweza kumlilia mwana aliye hai lakini amempotea. Jina limeyaacha yote matatu mlangoni, na ni wimbo wenyewe unaochagua. Jina la Kiingereza hulazimika kuchagua mapema.

Yapo tena mambo ya tahajia, na hapa tunawaomba walimu wawe wapole kuliko kawaida yao. Katika orodha ya nyimbo za Nalilia Mwana wimbo mmoja umeandikwa "Sika ya Kufa". Hilo ni kosa la mpiga chapa. Palitakiwa kuwa siku. Lakini wimbo mwingine katika santuri hiyo umeandikwa "Arusi ya Mwanza", na tumewahi kumwona mwalimu akiisahihisha arusi kuwa harusi kwa wino mwekundu. Hakuwa na haki. Arusi ni umbo la siku nyingi, limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, na wazee wetu wengi hawasemi vingine. Katika Mambo kuna "Inchi Yetu", nayo si kosa wala si Kiswahili sanifu. Ni namna ya kuandika inayofahamika kwa waliokulia Kongo, na inatukumbusha kuwa mshairi huyu wa Sinza alikuja na Kiswahili cha Kindu mfukoni. Herufi tatu hivi katika majalada mawili, na kila moja inataka hukumu ya namna yake: moja irekebishwe, moja iachwe, moja ielezwe. Mhakiki atakayezisahihisha zote kwa pamoja amefuta historia ya mtu.

Kuhusu sauti yenyewe, hatuwezi kuficha kuwa santuri ya mwaka 1989 ni nzuri. Kila gitaa lina mahali pake, besi inasikika kama mtu anayetembea chumba cha pili, na sauti ya Remmy, ile sauti nzito yenye mikwaruzo, imewekwa mbele kabisa. Kanda za redio hazikuwa hivyo. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja, mbele ya vipaza sauti vichache, na aliyekosea alikosea pamoja na wenzake. Walimu wadogo, waliozoea usafi wa studio za leo, huona toleo la zamani ni bovu. Tunawaomba wasikilize tena. Katika kanda za nyumbani mwimbaji anawaimbia watu anaojua kuwa wanamwelewa. Anakata neno katikati, anatupa jina la mtu, anacheka. Katika studio ya Box anaimba kwa makini kama mtu aliyealikwa ugenini na kupewa kiti cha heshima. Adabu hiyo inapendeza, ila nayo ina bei. Kwa sikio tunapenda Songs for the Poor Man. Kwa darasa tungeanza na Nalilia Mwana.

Kuna jambo moja la Peter Gabriel ambalo linatufanya tujiulize zaidi. Mtu huyu alijua vizuri kuliko wengi kwamba wimbo hauvuki lugha kwa maelezo ya jalada. Santuri yake ya mwaka 1980, ile yenye wimbo juu ya Steve Biko, aliyeuawa na makaburu mwaka 1977, aliitoa mara mbili: mara ya kwanza kwa Kiingereza, na mara ya pili akiwa ameimba upya kwa Kijerumani, kwa maneno yaliyotungwa na Mjerumani, Horst Königstein. Santuri yake iliyofuata, ya mwaka 1982, aliifanyia vivyo hivyo. Hakutosheka kumpa Mjerumani karatasi ya tafsiri. Alimtafutia mtu wa lugha hiyo atunge tena, kisha akaingia studio na kuimba upya. Ni kazi kubwa na ya gharama, na ni heshima kwa lugha ya msikilizaji.

Waafrika waliofika katika studio yake hawakufanyiwa mpango kama huo, na labda haikuwezekana. Kilichotokea katika Mambo, mwaka 1992, ni kwamba Remmy mwenyewe aliimba baadhi ya nyimbo kwa Kiingereza: "One World", "No Money, No Life", "I Want to Go Home". Tunasema kwa heshima zote kuwa hizo ndizo nyimbo zake dhaifu. Nia tunaielewa, alitaka watu wanaomchezea wamwelewe. Lakini Gabriel alipoingia katika Kijerumani alishikwa mkono na mwenyeji, na Remmy alipoingia katika Kiingereza aliingia peke yake, akiacha nje methali, vijembe, majina ya mitaa na yale maneno ya kando ambayo ndiyo silaha za mnyonge. Kilichobaki ni kauli za jumla ambazo mtu wa nchi yoyote angeweza kuzisema. Linganisha na "Kidogo Kidogo" katika santuri hiyo hiyo, na utasikia mtu amerudi nyumbani.

Pengine mfano bora wa nguvu ya toleo la nyumbani ni wimbo ambao haukuhitaji santuri ya Uingereza hata kidogo. Mwaka 1990 Remmy alitoa "Mambo kwa Soksi", akiwahimiza watu kujikinga na ukimwi kwa mpira. Redio Tanzania haikuupiga, kwa kuona maneno yake hayafai hewani. Wimbo ukaenda kwa miguu. Ulipigwa kumbini, ukanakiliwa katika kaseti, ukapanda mabasi. Kutoka Segera hadi Handeni madereva waliuweka kwa sauti ya juu na abiria wazima wakajifanya wanatazama dirishani. Mwanafunzi atakayeutafuta wimbo huo katika orodha za redio za mwaka huo atadhani haukuwapo. Mwanafunzi atakayetumia santuri za ng'ambo peke yake atadhani kuwa Remmy alikuwa mtu wa huzuni tu. Ni meza za stendi zilizohifadhi ukweli, pamoja na mikwaruzo yake na majina yaliyokosewa.

Meza hizo sasa zimeondoka, na kaseti nyingi zimeliwa na vumbi na joto. Nyimbo za santuri zile tatu zinapatikana leo kwa simu, na mwanafunzi wa Korogwe anaweza kuzisikiliza akiwa amekaa chini ya mwembe wa shule. Anachokisikia ni toleo la Uingereza, kwa jina la Uingereza. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mwalimu atakayeufundisha "Mnyonge Hana Haki" aandike ubaoni, juu ya maneno ya wimbo, mwaka na mahali pa toleo analolitumia. Kisha awatume wanafunzi kwa wazazi na babu zao wakaulize kama bado kuna kaseti kabatini, na kama ipo, imeandikwa nini kwa mkono juu ya karatasi yake. Wasiache kuuliza wimbo huo unaishia wapi katika kaseti hiyo. Na kabla ya kuwaruhusu kuondoka awaulize swali moja la Kiswahili: katika kijiji chenu, taja mtu aliye maskini na si mnyonge, na mwingine aliye mnyonge na si maskini. Awape wiki nzima, kwa sababu huyo wa pili huwa hajitangazi.